Siku Kumi za Makala

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Elodie alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja mdogo wa nyumba, kuangalia kama bidoni, yaani madumu, bado zina maji, na kumpa Makala chakula. Mbili za kwanza alizifanya akiwa na usingizi. Ya tatu ndiyo iliyomwamsha. Alichanganya ugali wa jana na vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa ambao mama yake, maman Françoise, aliwauza sokoni. Kabla hajafika na sahani, mkia wa Makala ulikuwa umeshaanza kupiga ukuta wa mabati: pa, pa, pa! Nyumba yao ilikuwa Kadutu, mtaa wa mlimani ambapo paa la jirani liko sawa na miguu yako, kwa hiyo jirani wa chini naye aliamshwa na mkia huo kila siku, na kila siku alikuwa na la kusema.

Makala alikuwa mbwa wa rangi ya mahindi. Papa Bisimwa, baba yake Elodie, alikuwa fundi mwashi, na mwaka uliopita alirudi kutoka kazini kijijini Miti akiwa na mbwa mchanga ndani ya gunia lililowahi kubeba makala, yaani makaa ya kupikia. Mbwa alitoka humo mweusi tititi, na watoto wakampa jina papo hapo. Walipomwosha, weusi wote ukaenda na maji. Jina likabaki.

"Elodie, hii mbwa iko ya kwako," papa alimwambia siku hiyo. "Una miaka kumi na mbili sasa. Kula yake, maji yake, usafi yake na sindano yake, vyote viko juu yako. Siku utachoka, uniambie. Usinifiche kitu."

"Ndiyo, papa," Elodie aliitikia haraka, kama watoto wanavyoitikia kabla hawajajua wanachoitikia.

Chakula hakikumshinda. Maji pia hakumnyima, hata siku za kupanda mlima na bidoni kichwani. Kilichomshinda ni sindano. Mwezi uliopita daktari wa mifugo, docteur Masika, alipita mtaani na megafoni akiwaita wote wenye mbwa na paka wawalete Jumamosi kwenye uwanja wa parokia, wapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Jumamosi hiyo hiyo Elodie na rafiki yake Ariane walikuwa na mazoezi ya wasichana wanaocheza wakati wa misa, na ndiyo siku ya kuchagua nani atatangulia mstari. Elodie alimfunga Makala kamba, akafika naye hadi njia panda, akaiona foleni ndefu ya mbwa wanaobwekeana, akageuka. Alimrudisha nyumbani, akaenda kucheza. Mstari wenyewe alipewa Ariane autangulie.

Jioni papa aliuliza, "Makala alipata vaccin?"

"Ndiyo, papa."

"Na carte yake ya sindano?"

"Zilikuwa zimeisha. Balisema batatoa ingine."

Papa alimwamini. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Siku ya Alhamisi, baada ya shule, wazazi walikuwa kazini na Koko Eulalie, mama yake papa, alikuwa parokiani kusali na wanawake wenzake. Makala alikuwa anakula. Hervé, mdogo wake Elodie mwenye miaka sita, aliona kichwa kimoja kikubwa cha sambaza ndani ya sahani akakitaka kwa mchezo wake. Akatia mkono. Makala akanguruma mara moja. Hervé akacheka, akasogeza mkono zaidi, na Makala akamuuma.

Meno yaliacha matundu mawili nyuma ya kiganja, na damu ikaanza kutiririka. Lazima niseme ukweli hapa, ingawa nampenda Elodie: mtu wa kwanza aliyemfikiria hakuwa Hervé. Alimfikiria Makala. Alikumbuka mbwa mmoja wa mtaa wao aliyemuuma mtu asubuhi, na kabla ya saa sita vijana walikuwa wamemuua kwa fimbo. Pia alikumbuka kadi ambayo haikuwepo.

"Usilie, Hervé, usilie! Batamuua Makala," alisema huku akimvuta ndani. "Ngoja, najua dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa jiwe jeusi la Koko Eulalie. Lilikuwa jepesi, dogo kama kipande cha biskuti, na Koko alilipata kwa padri mmoja mzee tangu ujana wake. Wazee huliweka palipoumwa na nyoka, wakisema linanyonya sumu. Koko alilitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na rozari yake, na alipowasimulia wajukuu habari zake, lilikuwa linanyonya sumu ya nyoka, ya nge, ya kila kitu kinachouma.

Elodie aliliweka juu ya kidonda. Likanata kwenye damu.

"Inanyonya," Hervé alinong'ona, machozi yakiwa bado mashavuni.

Walikaa wakilitazama kama watu wanaongoja maharagwe yaive. Lilipoanguka, Elodie alifunga mkono kwa kitambaa, akaliloweka jiwe katika maziwa kidogo kama alivyomwona Koko akifanya, akalirudisha koponi. Kidonda hakukiosha. Maji ya bombani hayakuwa yametoka kwa siku mbili, na yaliyobaki yalikuwa ya kupikia. Kisha akaenda kumfunga Makala nyuma ya jiko, kwa haraka, akikaza fundo bila kuangalia.

"Umefanya nini mukono?" maman Françoise alimuuliza Hervé jioni.

"Nilianguka," Hervé akajibu, bila kupepesa macho. Elodie aliinamisha kichwa. Alijua mtoto huyo amejifunza kwa nani.

Asubuhi ya Ijumaa mkia haukupiga mabati. Elodie alikuta sahani ya jana jioni imejaa, maji hayajaguswa, na Makala amelala, mdomo juu ya miguu, udenda ukimtoka. Alimwita. Makala aliinua macho tu.

Ndipo sauti ya megafoni ilipomrudia, maneno ambayo mwezi mzima hakuwa ameyafikiria: "Mbwa akiuma mutu, musingoje! Osha kidonda na maji na sabuni robo saa nzima, halafu mukimbie kwa muganga. Hii ugonjwa ikishaanza ndani ya mutu, dawa hakuna!"

Alitazama mlangoni. Hervé alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akijaribu kuvaa soksi kwa mkono mmoja huku akiimba. Elodie akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Tangu jana alikuwa anamlinda mbwa, na Hervé hakuwa na mtu wa kumlinda.

Papa na maman walikuwa wameshatoka. Koko Eulalie alikuwa uani akimenya mihogo. Elodie alipiga magoti mbele yake, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, mbwa, mkono, jiwe, maziwa, mpaka Koko akaweka kisu chini.

"Polepole, mutoto wangu. Makala alimuuma Hervé?"

"Ndiyo, Koko. Jana."

"Na hamukuosha?"

"Hapana. Koko, docteur alisema robo saa, na sabuni."

Koko hakugomba. Aliinuka kwa haraka ambayo Elodie hakuijua kwa mwanamke mwenye magoti mabovu. "Leta sabuni. Leta bidoni."

"Ni maji ya kupikia, Koko. Zimebaki mbili tu."

"Tutakula mihogo mibichi. Leta!"

Elodie alisugua povu, Koko akamimina maji kwa kikombe, na Hervé akapiga mayowe hadi jirani wa chini akatoa kichwa. Koko hakuwa na saa. Alikuwa na rozari. Alisali kwa sauti, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukihesabu shanga, na hakuruhusu mtu asimame hadi rozari yote ilipoisha. Bidoni zote mbili zilibaki tupu.

Kwenye kituo cha afya walimkuta mwuguzi Jean-Claude. Papa Bisimwa, aliyeitwa kwa simu, alifika mbio kutoka kazini, saruji ikiwa bado kwenye viatu vyake.

"Mbwa ya nani?" Jean-Claude aliuliza, kalamu mkononi.

"Ya kwetu," papa alijibu.

"Ilipata vaccin?"

"Ndiyo, mwezi uliopita. Mutoto mwenyewe ndiye aliipeleka." Papa alimwonyesha Elodie kwa kidole, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, hata wakati huo.

Kalamu ilianza kuandika. Elodie aliisikiliza ikikwaruza karatasi. Koko alikuwa amejua habari ya kuumwa, lakini habari ya sindano hakuna aliyeijua. Angeweza kunyamaza, na papa angeendelea kumwona mtoto anayeaminika. Hervé alikuwa ameegemea bega lake, mkono wake mdogo umevimba.

"Hapana, papa," akasema. "Sikumupeleka. Nilienda kucheza. Nilikuambia bongo, haikuwa kweli."

Papa alimtazama muda mrefu, kisha akatazama viatu vyake. Elodie angependa zaidi apigwe kofi kuliko kutazamwa vile.

Jean-Claude alifuta alichoandika. "Umefanya vizuri kusema, mama. Kama hungesema, pengine tungengojea tu," alimwambia Elodie. Akamgeukia Koko, aliyekuwa amemsimulia habari ya jiwe. "Na jiwe, Koko, hapa haina kazi. Hii si sumu. Ni mududu mudogo sana, anapita polepole ndani ya mishipa mpaka kwenye ubongo. Sabuni inamuua mulangoni, na vaccin inamufungia njia. Hervé ataanza sindano leo, na atarudi kila siku nitakayoandika. Hata moja isikosekane."

"Na Makala?" Elodie aliuliza kwa sauti ndogo. "Batamuua?"

"Hapana! Musimuue. Mumufunge pahali salama, mumuangalie siku kumi. Akibaki muzima, tutajua hakuwa na ugonjwa siku alipouma. Akikufa, tutajua pia. Mbwa aliyeuawa na fimbo hatuambii kitu."

Mchana huo docteur Masika alikuja nyumbani na glavu nene. Aliwaambia wote wakae mbali, akamchunguza Makala kwa muda, kisha akampitisha kidole shingoni. "Nani alifunga hii kamba?"

"Ni mimi," Elodie akasema.

"Ulifunga na woga. Imemukaba, hata mate hayapiti." Alilegeza fundo, akafunga kamba upya vizuri. Makala alikunywa maji hadi bakuli likawa kavu. "Hiyo ni dalili nzuri," docteur alisema, "lakini siku kumi ni siku kumi."

Elodie alichora ukutani, kwa kipande cha makaa, mstari wa siku ya kwanza. Kila asubuhi aliisukuma sahani kwa fimbo ndefu, akakaa mbali, akatazama. Baadhi ya vijana wa mtaa walikuja kuuliza kwa nini mbwa huyo bado anapumua, na papa Bisimwa akawajibu mlangoni, mikono kiunoni, hadi wakaenda. Kwa Elodie papa alisema machache: habari ya asubuhi, lete maji, usiku mwema. Hervé aliporudi kupigwa sindano, Elodie alikwenda naye kila mara, akamshika mkono mzima, na mara ya tatu Hervé hakulia hata kidogo. Elodie ndiye aliyelia.

Mstari wa nne, mkia ulipiga mabati, pa, mara moja tu. Mstari wa saba, jirani wa chini alianza tena kulalamika, na Elodie hakuwahi kufurahi hivyo kusikia malalamiko. Mstari wa kumi, docteur Masika alirudi. Makala alisimama kwa miguu miwili ya nyuma kumpokea.

"Huyu ni muzima," docteur alisema. "Sasa apate sindano yake." Elodie mwenyewe alimshika Makala kichwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu, na alipokumbuka kwamba kwa ajili ya kitu hicho kidogo alikuwa amegeuka njia panda, aliona aibu iliyomwingia hadi mifupani.

Docteur alimpa papa kadi. Papa aliisoma, akaikunja, kisha akamnyoshea Elodie.

"Weka wewe," alisema. "Mbwa ingali ya kwako. Lakini Elodie, ukinificha tena, siku ingine sitajua namna ya kuwasaidia."

"Sitakuficha tena, papa."

Koko Eulalie aliwaita wajukuu wake wote wawili wakae karibu. "Mimi pia nilikosa," alisema. "Niliwaambia jiwe inaponyesha kila kitu, juu ya vile nilipenda namna munavyonisikiliza. Sasa musikilize hii, iko ya kweli. Munyama wa nyumbani anatupa furaha bila kutuomba kitu, lakini hawezi kujipeleka kwa docteur, na hawezi kusema 'nina njaa' ao 'usiniguse, nakula.' Sisi ndio tunasema na tunatenda kwa ajili yake. Elodie, wewe ulizani kumupenda Makala ni kumuficha. Kumbe ungemupenda ile samedi ya sindano, pale kwenye foleni, hakuna hata mumoja wetu angelia."

Hervé aliinama akamtazama Makala, aliyekuwa na sahani mbele yake. Aliunyosha mkono wenye makovu mawili, kisha akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Ngoja amalize kula," akamwambia dada yake, kama vile Elodie ndiye aliyekuwa mtoto.

Wakangoja pamoja, wameshikana mikono, hadi sahani ilipobaki tupu. Baadaye Elodie aliingia ndani, akafungua kopo la Koko. Jiwe jeusi halikuwemo tena. Ilikuwemo rozari peke yake, na Elodie akaiweka kadi ya Makala kando yake.