Taa ya Buluu na Jicho la Saida

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Saida alimsaidia mjomba wake, Faridu, kuhudumia tangi la kioo katika nyumba ya wageni ya Nikodemo pale Kewanja, kando ya mgodi wa dhahabu. Nikodemo alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na siku hizo dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu: walimu waliacha chaki, wakulima wakatupa majembe. Yeye pesa zilipomzidi, akaagiza bahari. Ndiyo, bahari! Tangi refu la maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai, katikati ya vumbi la malori.

Matumbawe yanafanana na mawe, lakini ni viumbe, na chakula chao kingi hutokana na mwanga. Mwanga ukipungua hudhoofu, ukizidi huungua. Kwa hiyo Faridu alikuwa na kipimo: kijiti chenye kijicho mwishoni, kilichounganishwa kwa waya na kiboksi cha kuonyesha namba. Alikizamisha kando ya kila tumbawe, la juu na la chini, akasoma namba zake.

Taa mpya ya buluu ilipofungwa, Faridu akalazimika kwenda Mwanza kufuata chumvi ya tangi. Akamwita Saida.

"Uiongeze kidogo kidogo, na kila ukiongeza, pima. Pale juu isipite mia mbili. Taa hii inadanganya jicho, unaiona hafifu kumbe ni kali."

"Sawa, mjomba. Nitapima."

Lakini Saida alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda sifa. Baba yake alikuwa sonara Tarime mjini, na tangu utotoni Saida alizoea kutazama chembe ya dhahabu kiganjani mwa mtu na kutaja uzito wake. Mara nyingi alipatia. Wateja walimsifu, "Mtoto huyu ana jicho!" naye akavimba kichwa.

Siku ya kwanza alipima. Siku iliyofuata akaona kuzamisha kijiti na kukisuuza chumvi ni kazi bure. Akayatazama maji, akayaona yana giza. Akazungusha swichi mpaka tangi likang'aa kama duka la simu. Akaridhika, akaenda zake shule.

Haukupita muda, matumbawe yakawa meupe kama mifupa. Nikodemo akasimama ukumbini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nani amegusa bahari yangu?"

Gladys, msichana wa usafi, alikuwa karibu na ndoo yake. Alitoka Rorya, na kwa kazi hiyo alimtunza mama yake mgonjwa. Saida alimwona, akamnyooshea kidole.

"Dada Gladys alifuta kioo kwa sabuni," akasema. "Niliiona ikidondokea majini."

"Mimi, Saida? Mungu anaona! Mimi sijagusa hayo maji!"

Nikodemo hakutaka kusikia. Alinyakua ndoo, akammwagia Gladys maji machafu kichwani, kisha akautupa mfuko wake wa nguo barabarani. Wageni waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Saida akainamisha kichwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Faridu aliporudi, alisikiliza habari hiyo yote, akaenda kuinama mbele ya tangi.

"Sabuni haichagui," akasema. "Ingeua yote. Haya ya juu yamekufa, lakini yaliyo kivulini, chini ya jiwe, ni mazima. Saida, ulipima?"

"Nilipima, mjomba."

"Pima tena, nione."

Saida alizamisha kijiti. Kiboksi kikaonyesha mia tano na kumi. Akaangua kilio, akasema yote.

Faridu hakumpiga. Alimpeleka ukumbini, akamtaka aseme kwa sauti mbele ya wageni walewale. Nikodemo akaguna tu. "Basi mwiteni arudi," akasema, akaendelea na chai yake. Radhi hakuomba.

Walimkuta Gladys katika chumba alichopanga na mama yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Alipofukuzwa, alikwenda kwenye vifusi vya mgodi kuokota mawe yenye dhahabu kama wenzake wasio na kazi. Jiwe liliporomoka likamponda, na hospitalini akakatwa vidole viwili.

Saida akapiga magoti. "Nisamehe, dada Gladys. Nilikusingizia."

Gladys aliuvuta kifuani mkono wenye bandeji. "Kazini nitarudi, kwa sababu mama lazima ale. Lakini wewe usiniite dada tena."

Njiani Saida alilia mpaka sauti ikakauka. "Mjomba, sikujua yangefika huku. Nilidhani ni uongo mdogo tu."

Faridu akasimama.

"Nao uliupima kwa jicho," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Ukiwa na kipimo mkononi na usikitumie, huo ni uvivu, na uvivu unarekebishika. Leo nitaipunguza taa, na matumbawe ya kivulini yataota mpaka juu tena. Vidole vya Gladys havitaota. Mwanga una kipimo chake, tunaweza kujua mwisho wake. Uongo hauna. Ukishautoa mdomoni, hujui utakwenda kumponda nani. Ndiyo maana hauguswi, hata ule unaouona mdogo."