Salamu Arobaini na Mbili

Kila Jumatano saa nane mchana, Mwanarusi wa darasa la saba alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta shuleni kwao Ganjoni. Ulikuwa mwaka wa 1998. Kompyuta ilikuwa moja tu, na laini ya simu iliwekwa mikononi mwake kwa nusu saa kwa wiki. Shule tano za Mombasa zilikuwa zimeungana kujifunza sayansi kwa barua pepe. Barua zote zilimfikia Mwanarusi kwanza, naye akazisambaza.

Mpango ulikuwa mzuri. Watu ndio waliomchosha. Kila shule ilitakiwa kuchemsha maji ya visima vya mtaani hadi yakauke, ipime chumvi iliyobaki, kisha itume majibu. Badala yake zilikuja salamu. Faraj wa Tudor aliwasalimu wote, na wenye adabu wakamwitikia, kila mmoja kwa barua yake. Wiki ya tatu walikuwa wanamwombea dua paka wa mtu. Mwalimu mkuu naye alikuwa amekwisha kusema: ripoti ya visima isipofika Ijumaa, kundi linavunjwa.

Jumatano hiyo zilimngoja barua arobaini na mbili. Ya kwanza ilianza kwa salamu nyingi sana. Ya pili vilevile. Ya tatu ikauliza hali ya nyanya yake. Mwanarusi akasonya, akazifuta zote, kisha akaziandikia shule zote: "Hili ni darasa, si baraza. Msitume salamu tena."

Kesho yake Jamaldin wa Mji wa Kale alikuja mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Masalkheri, Mwanarusi. Vipimo vyetu umeviona?"

"Vipimo gani? Nyinyi mwatuma salamu tu."

"Viko chini, baada ya salamu. Kwani kwenu barua huandikwa vipi? Nianze na chumvi kabla sijamjulia hali nyanya yako?"

"Nakala unayo?"

"Sina. Karatasi zililowa, nikazitupa."

Mwanarusi angeweza kusema kompyuta imezimeza barua, na nani angembishia? Lakini Jamaldin alikuwa amesimama mbele yake, vidole vimeungua kwa sufuria. Akaona haya, akaenda kwa Mwalimu Rispah, msimamizi wa kundi.

"Mwalimu, nimezifuta barua zote. Nilidhani ni salamu tupu."

"Ulidhani, au ulichoka?"

"Nilichoka."

Mwalimu Rispah alishusha pumzi. Alikwenda kumwomba mwalimu mkuu, akarudi na muda hadi Jumatano, pamoja na ruhusa ya kutumia laini ya simu kila siku hadi hapo. Mwanarusi aliziandikia shule zote kuomba radhi, naye Jumamosi akashinda Mji wa Kale akivuta maji kisimani na Jamaldin, kamba ikimchuna viganja.

Wenzake walimkasirikia, kisha wakakubaliana utaratibu mpya: barua zitumwe za aina mbili, za vipimo ziitwe Somo na nyinginezo Salamu. Somo lisomwe kwanza. Jumatano vipimo vya shule zote tano vilifika, na ripoti ikawekwa mezani kwa mwalimu mkuu. Kundi likabaki.

"Utaratibu huu ungewezekana tangu wiki ya kwanza," Mwalimu Rispah alimwambia. "Ulitaka wajifunze pamoja, na hukuwauliza wala hukuwasoma hadi mwisho. Mashine inapeleka barua tu. Kusikilizana ni kazi yenu. Ila umekosea, ukasema umekosea, na ndiyo maana wameandika tena."

Mwanarusi alitazama saa. Zilibaki dakika nne, na barua za Salamu zilikuwa thelathini. Akafungua ya kwanza, akaisoma yote.