Mlango Unaolipwa

Saa 4:15 asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na jasho. Bosi alitandaza ramani juu ya tairi la lori, akaikandamiza kwa spana, kisha akamwachia Profesa aongee. Fundi, mvunja kufuli wa genge hilo kwa miaka kumi na minne, aliegemea ukuta akichokonoa meno. Alijua atasikiliza upuuzi.

"Chumba namba tisa, kwenye yale maghala ya kukodi, kina saa za dhahabu," alisema Profesa. "Mlango hauna tundu la ufunguo. Una kompyuta ndogo, saizi ya kiberiti. Mpangaji kachelewesha kodi, kwa hiyo umejifunga. Kodi ikilipwa unajifungua. Hauulizi nani kalipa."

"Nani anauambia kwamba imelipwa?" aliuliza Fundi.

"Daftari. Haliko ofisini kwa mtu. Nakala zake ziko kwenye kompyuta elfu moja, kila moja inachunga nyingine. Likishaandikwa jambo humo, halifutiki milele."

"Mimi na drili yangu, dakika nne."

"Drili ina kelele," alisema Bosi. "Mzee, umepitwa na wakati. Ibebe kama unaipenda."

Profesa akacheka kwa pua. Fundi akaitia drili mkobani. Angeondoka pale pale, ila dereva wa kazi hiyo alikuwa shemeji yake, mtu asiyejua hata kudanganya bei sokoni. Alikuwa hana kazi tangu mwaka jana, na Bosi alimnasa kwa maneno matamu. Usiku alipopata habari, dada yake Fundi hakulia. Alimwambia Fundi jambo moja tu: "Kama lazima aende, nirudishie." Hilo ndilo lililomleta Fundi kwenye mkutano wa wapumbavu.

Saa 6:30 mchana

Walinzi wa maghala walikwenda kula. Wangerudi saa saba kamili. Bosi, Profesa na Fundi waliingia wamevaa ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Shemeji alibaki nje kwenye gari.

Profesa alibonyeza simu mara tatu kwa madaha. "Tayari. Sasa hivi utafunguka."

Taa juu ya mlango ilibaki nyekundu.

Saa 6:41

"Inathibitishwa," Profesa alisoma kwenye simu.

"Inathibitishwa na nani?" aliuliza Fundi. "Babu yake?"

"Kuna foleni. Malipo ni mengi leo, na kompyuta zote lazima zikubaliane."

Fundi aliwahi kungoja mbwa walale na askari wasinzie. Hakuwahi kungoja kikao cha kompyuta elfu moja kijadili mlango mmoja wa bati. Alisogea, akachungulia simu. Kulikuwa na mstari wa ada. Aliyelipa ada kubwa alipelekwa mbele ya foleni. Profesa alichagua ya chini kabisa.

"Bosi, hela ya ada ulimpa kiasi gani?"

Bosi aliangalia simu, akamzaba Profesa kofi. Mwizi alikuwa amemwibia mwizi, tena vijisenti.

"Tuma tena. Ada ya juu."

Profesa alituma malipo ya pili. Ndipo Fundi akaona namba ya mlipaji. Aliijua kwa kichwa. Kila Jumapili aliipigia kumsalimia dada yake.

"Hii ni namba ya shemeji yangu."

"Juzi alinipa simu yake nimrekebishie, nikaingiza akaunti yake kwenye yangu," alisema Profesa.

"Si ulisema daftari halifutiki?"

"Ndiyo maana sikuweka jina langu."

Fundi alimgeukia Bosi. Bosi hakushtuka hata kidogo. "Polisi lazima wapate mtu, mzee. Wakimpata yeye, hawatutafuti sisi."

Saa 6:50

Taa ikawa kijani. Mlango ukafunguka. Bosi na Profesa wakajitosa ndani na mabegi. Fundi alibaki nje.

Saa 6:52

Malipo ya kwanza, yale ya bei poa, yalifikiwa kwenye foleni. Kile kidude mlangoni kilikuwa na akili ya swichi ya taa: pesa ikiingia, kinageuka. Mlango ulikuwa wazi, kikaufunga. Mtaalamu mzima hakuliwaza hilo.

Ngumi zikagonga bati kwa ndani. "Mzee," ilisema sauti ya Bosi. "Humu simu haishiki mtandao. Tutoe. Dakika nne tu."

Zilikuwepo dakika nane kabla walinzi hawajarudi. Fundi alipima, kwa mazoea ya kazi, mahali pa kutoboa.

"Lipeni," alisema, akabeba mkoba wake.

Saa 6:56

Shemeji alimfungulia mlango wa gari. "Wenzako wako wapi?"

"Wanabaki."

"Nimepokea ujumbe, kaka. Wananishukuru kwa kulipia chumba. Mara mbili. Chumba gani?"

Fundi alimweleza kila kitu, polepole, maana hakuwahi kumdanganya. Shemeji alisikiliza, mikono yote miwili kwenye usukani kama mtu anayejifunza kuendesha.

"Tuitupe simu," alisema hatimaye.

"Simu si kitu. Umeandikwa mahali elfu moja."

Mlinzi wa kwanza alitokea getini, anafuta mdomo. Shemeji akawasha gari.

"Niendeshe wapi sasa?"

Fundi alitazama dirishani ili asimwone usoni.

"Nyumbani. Ukamuage dada yangu."