Harusi ya Kila Siku ya Bibi Mwanne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shamimu alimwogesha bibi yake, akamvika, akamnywesha uji, kisha wakaanza kubishana. Ubishi ulikuwa ule ule. Bibi Mwanne, mama mzazi wa mama yake, alitaka kutoka kwenda kupika. Kuna harusi kijijini Igalula, alisema, na watu watakula saa ngapi ikiwa mpishi bado yuko ndani? Shamimu alimweleza kwamba hakuna harusi yoyote. Bibi alisahau alichoambiwa, akaanza upya.

Zamani hayo yalikuwa kweli. Bibi Mwanne alikuwa mpishi wa shughuli, mtaa wao mzima wa Gongoni ukimjua, na hata Igalula walimwita. Lakini kumbukumbu ilianza kumtoka. Kwanza alisahau kutia chumvi, halafu majina ya wajukuu, halafu njia ya kurudi nyumbani. Siku moja watu walimkuta akitembea peku kando ya reli, hajui atokako wala aendako. Baadhi ya majirani walinong'ona kuwa amerogwa.

Tangu hapo mama yake Shamimu akaleta kufuli. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mchana kutwa alikuwa kwenye cherehani yake, kwenye baraza la duka la vitambaa. Jioni alifua mashuka ya bibi, na usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Alimwagiza Shamimu afunge mlango wa chumba kwa nje akienda shule, afungue akirudi mchana. Shamimu alifunga. Kila alipogeuza ufunguo alimsikia bibi akiomba afunguliwe, naye akakaza mwendo ili asisikie zaidi. Darasani alisinzia. Mwalimu alipomuuliza kama anaumwa, alijibu hapana.

Mchana mmoja alirudi akakuta kimya. Alipofungua, bibi alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango, nguo zimelowa, kucha za mkono wa kulia zimevunjika na zinatoka damu. Alikuwa ameukwaruza ule mlango kwa muda mrefu. Hakulia. Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayemtazama hakimu.

"Nimewakosea nini wenye nyumba hii?" aliuliza kwa upole. "Niambieni, nitaomba radhi."

Shamimu alileta maji. Alimsafisha, akamfunga kitambaa mkononi, wakaenda polepole hadi kituo cha afya. Njiani alitunga uongo: atasema bibi ameanguka. Ulikuwa uongo mwepesi, na ungemwepusha mama na aibu. Lakini Nesi Eustadia alipoufungua ule mkono na kuuliza kilichotokea, aliuacha uongo wake.

"Tunamfungia," alisema. "Mimi ndiye ninayefunga."

Alingoja agombezwe. Nesi aliendelea kuosha vidonda, kisha akamuuliza ni nani mwingine anayemsaidia mama nyumbani. Hakuna, Shamimu alijibu, na hapo machozi yakamtoka.

Jioni ile nesi alifika nyumbani kwao. Aliwaeleza kwamba bibi hakurogwa, na wala hafanyi ukaidi. Ana ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya wazee na kuwafutia kumbukumbu taratibu. Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila mgonjwa anaweza kuishi kwa utulivu akitunzwa vizuri. Akauliza, je, moto ukizuka mlango umefungwa, nani atamtoa?

Mama aliinamisha kichwa. "Nesi, mimi nimechoka," alisema. "Sina neno jingine."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Ndugu zako wako wapi?"

Kaka yake, mjomba Sabiri, alikuwa kijijini Kigwa akilima. Alidhani mambo ni shwari, kwani dada yake hakuwahi kumweleza lolote. Alipopata habari alikuja, akaushika ule mkono wenye bandeji. Wakakubaliana kwamba yeye na mkewe watakuwa wakija kwa zamu, na siku nyingine bibi atakwenda barazani kukaa karibu na cherehani. Kufuli likaondolewa.

Nesi alimfundisha Shamimu jambo moja zaidi: asimbishie bibi kuhusu harusi, bali amuulize habari zake. Kesho yake bibi alipoinuka kwenda kupika, Shamimu alishusha pumzi, akaleta ungo wenye mchele.

"Bibi, harusi ina watu wengi?"

"Wengi mno," bibi alisema, akauangalia ungo. "Na mchele huu una mawe. Kanunua nani?"

Akaketi, akaanza kuchambua. Vidole vyake vilijua kazi ambayo kichwa kilikuwa kinaisahau.

Haikuwa hivyo kila siku. Kuna siku aliurusha ungo, na Shamimu akaokota punje moja moja huku amekasirika na mgongo unamuuma. Hata hivyo alizoea kupita kituo cha afya kumuuliza nesi namna ya kumlisha mzee asipaliwe, au ya kumgeuza kitandani asipate vidonda. Nesi alimwambia kwamba wauguzi wengi hupenda kuhudumia watoto na kina mama wajawazito, na wanaouliza habari za wazee ni wachache. Shamimu alisema yeye atakuwa mmoja wao. Alisema bila shangwe, kama mtu anayejua uzito wa anachokibeba.

Bibi Mwanne alifariki Shamimu akiwa kidato cha pili. Miaka michache baadaye, Shamimu alipochaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, mama alizikunja sare alizomshonea kwa mkono wake, akazipanga kwenye begi, kisha akaketi kando yake kitandani.

"Utakutana na wazee kama mama yangu, na utakutana na watoto wao kama mimi," alisema. "Usiwahukumu haraka. Nilimfungia mama yangu kwa sababu niliona haya kusema kwamba nimeshindwa. Siku uliposema ukweli, watu walikuja kutusaidia. Basi nawe ukichoka, sema. Na ukimwona mtu anamtunza mgonjwa peke yake, usingoje akuombe."