Tulimsindikiza Ushelisheli, Nikamkuta Kitale Akiosha Sahani

"Nasambu?!"

Sahani ilimponyoka ikapasuka.

"Shhh! Dada, usiniite jina hapa!"

Jamani, nilishika ukuta. Mdogo wangu, aliyesindikizwa na kanisa zima la Sirisia kwenda Ushelisheli, alikuwa nyuma ya hoteli hapa Kitale, povu mpaka kwenye viwiko!

Mimi nilikuwa nimeleta vitunguu sokoni tu. Niliingia kutafuta chai...

Ilikuwa 1992. Nasambu alichaguliwa kuwakilisha akina mama wetu kwenye mkutano wa kanisa huko kisiwani. Tulichanga kwa taabu, kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kiwe cha bei rahisi. Na mtaalamu wa bei rahisi alikuwa mmoja: mjomba wetu Wabwile, mtu pekee kwetu aliyewahi kufika Ushelisheli.

Ushauri ulimwagika!

"Teksi usiguse! Panda basi. Kula pale wavuvi wanakula. Na tiketi ya kurudi usinunue hapa bana, kule wanauza nusu bei!"

Tukaamini. Tukachinja ng'ombe wa kumuaga.

Sasa elewa: kwetu ng'ombe wa safari akishaliwa, umeshaenda. Hakuna kurudi kusema ati mambo yalikataa.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Airport waliniuliza, 'Mama, tiketi ya kurudi iko wapi?' Nikasema nitanunua huko. Wakasema bila hiyo siendi. Ndege ikaenda, dada... mimi nikabaki na begi."

"Twende nyumbani."

"Niwaambie nini? Watu walikula ng'ombe! Na Mayi je? Na vile moyo yake inamsumbua?"

Hapo alinimaliza. Mayi, mama yetu, alikuwa kitandani, na kila aliyekuja kumtazama aliambiwa, "Mtoto yangu amevuka bahari."

Nilimwacha pale pale. Ningefanya nini?

Nikaenda kwa Wabwile nikiwaka.

"Mjomba, wewe ulirudi na tiketi gani?"

Akawarushia kuku wake mahindi.

"Ndege sijawahi panda."

"Ati?!"

"Ajenti alinitoroka na pesa Nairobi. Nikaona aibu kurudi. Nikakaa Cheptais nikilimia watu viazi, halafu nikakuja na miwani ya jua."

"Na ushauri wote ule?!"

"Si walikuwa wananiuliza, mtoto yangu? Ningejibu nini?"

Nilitaka kumpiga. Lakini mzee alikuwa analia...

Nikaapa: Jumapili ya kwanza baada ya mkutano kuisha, nasema ukweli kanisani! Jumapili hiyo ilipofika nilisimama kabisa, nikafungua mdomo...

Mlango ukafunguliwa.

"Bwana asifiwe! Nawaletea salamu za Ushelisheli!"

Nasambu! Kofia ya makuti kichwani, chupa ya mchanga mkononi!

Vigelegele! Mayi, aliyebebwa kanisani kwenye kiti chake, alinyanyuka akacheza mpaka kitambaa kikaanguka. Sikuwa nimemwona akicheza tangu baba afe.

Nikaketi. Wewe ungesema?

"Tupe siri za bei rahisi!" watu wakapiga kelele.

"Teksi msiguse. Kuleni pale wavuvi wanakula. Lakini tiketi ya kurudi, nunueni hapa hapa!"

Watu wakamgeukia Wabwile.

"Siku hizi mambo imebadilika," akasema haraka.

Mayi akaikumbatia ile chupa.

"Mkinizika, mnimwagie huu mchanga. Na mimi nilale karibu na bahari."

Nikamvuta Nasambu nje.

"Mchanga wa wapi huo?"

Akainamisha kichwa. "Mto Nzoia."

Mchanga wa kujengea, jamani! Ule tunaochota na karai!

Mayi alitutoka 1995. Kaburini mchungaji aliniita mimi, kifungua mimba, nimwage mchanga wa Ushelisheli. Kanisa lilikuwa linaimba. Nasambu alikuwa ameziba uso kwa leso. Nikafungua chupa... na nikamwaga. Nilimdanganya mama yangu mpaka ndani ya shimo, na sikuona njia nyingine. Mpaka leo siioni.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza inbox jinsi ya kufika visiwani kwa bei nafuu: nunua tiketi ya kurudi kabla hujatoka, na umuulize mtu aliyefika kweli.

Na ninyi mnaobaki nyumbani, ng'ombe msimchinje siku ya kuaga. Mchinjeni siku mtu wenu akirudi, hata kama aliishia Kitale.