Msomaji wa Mchoro

Redio ile ilikuwa na joto kabla hata haijachomekwa kwenye umeme. Fundi Koleo alidhani ni jua la mlangoni pa karakana yake ya nyumbani, akaisogeza kivulini. Saa nzima baadaye mbao zake zilikuwa bado vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Karani mmoja mstaafu ndiye aliyeiokota katika nyumba iliyohamwa zamani, akamletea aitengeneze. Ilikuwa redio ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, na mchoro wa saketi yake ulibandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma, umefifia, majina ya vifaa yamebaki nusunusu. Fundi aliipenda mno kazi ya kutambua vifaa ambavyo havitengenezwi tena, lakini macho yake yalikuwa mabovu. Kwa miaka thelathini mkewe alisoma mchoro, na Fundi akipekua makasha ya vifaa na kujibu "ipo" au "haipo". Wateja waliwatania kwamba wanaitikiana kama mwalimu na wanafunzi wakati wa mahudhurio.

Mkewe alizikwa miezi minne iliyopita. Akiulizwa habari zake na mteja asiyejua, Fundi alisema tu, "Ametoka kidogo."

Alivaa miwani, akainamia karatasi. Ikamjia harufu ya mafuta ya nywele aliyopaka mkewe. Valvu moja ikawaka, nyekundu hafifu, na waya wa umeme bado umeviringishwa mezani.

"Kapasita, mikrofaradi nane," ilisema sauti ya mkewe, na kikohozi chake kilekile.

Mtu mwingine angetimua mbio. Fundi alilia mpaka miwani ikajaa ukungu, kisha akafungua kasha. "Ipo," akasema.

Wakafanya kazi alasiri ile na zilizofuata, naye akaanza tena kula, akaanza tena kunyoa ndevu. Siku ya tatu, katikati ya rezista mbili, sauti ikauliza, "Paka?"

"Yupo," alijibu, mikono ikiendelea kupekua.

Asubuhi paka wao alikutwa chini ya meza, amekauka kau. Fundi alijiambia ni uzee tu, ingawa moyo ulishajua. Siku ya tano sauti ikauliza, "Binti?" na ulimi uliozoea miaka thelathini haukungoja ruhusa.

"Yupo."

Jioni binti yake alianguka jikoni.

"Baba," alinong'ona, mwili ukimchoma kwa homa, "mama yuko chumbani kwangu. Ananiita. Lakini nyayo zake hazigusi sakafu."

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene, mchache wa maneno. Aliinusa redio, hakuigusa.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Huyu ni jini. Kila unachosema kipo, unampa. Ukiivunja redio, atabaki ndani ya mtoto. Mwache asome. Amevaa sauti ya mkeo, kwa hiyo lazima atamuulizia. Hapo umjibu kweli, naye atatoka."

"Kweli ipi?"

Mganga alimtazama kwa huruma. "Unaijua, baba."

Alasiri ikafika, valvu ikawaka, na sauti ikaanza kusoma polepole, rezista, koili, kapasita, na Fundi safari hii akaacha makasha yamefungwa, huku ile harufu ya mafuta ikizidi mpaka ikawa kama mkewe amemlazia kichwa begani, na kutoka chumbani pumzi za binti zikisikika zikikatika, zikirudi, zikikatika tena.

"Mke?" sauti ikauliza.

Fundi akavua miwani.

"Mke?" ikarudia, taratibu. "Mume wangu, mimi hapa."

Chumbani pumzi zikanyamaza.

"Hayupo," alisema Fundi, na machozi yakamwagika. "Mke wangu alikufa. Hayupo!"

Valvu ikaanza kufifia. Chumbani binti akavuta pumzi ndefu, akaita aletewe maji, na mganga, aliyekuwa akingoja uani, akamkimbilia. Fundi akabaki peke yake na ile taa iliyokuwa ikizimika, na kabla haijazimika kabisa sauti ikasema, chini kabisa, "Haya basi, pumzisha macho."

Hivyo ndivyo mkewe alivyomaliza kazi kila jioni, wakiwa wawili tu.

Mganga aliporudi aliambiwa maneno yale, akasema majini hujua mengi. Fundi hakubisha. Aliigusa redio, sasa ilikuwa ya baridi, akakaa akiitazama ile valvu nyeusi na kujiuliza ni nani hasa aliyemfukuza.