Herufi Tisa za Nailantei

Nailantei alikuwa na wiki tatu tu tangu ajue kuandika jina lake, na tayari Kitengela nzima ilikuwa imelisoma. Aliliandika kwenye ndoo ya maziwa, kwenye mlango wa zizi, hata kwenye vumbi la gari la pasta.

Jumatatu asubuhi kaka yake, Ledama, alifika.

"Sopa, dada," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa."

"Kesho niko na kikao cha bodi ya ardhi huko Kajiado. Nauza ekari mbili. Wanataka mke akuje akubali. Soipan atakataa, kwa hivyo sijamwambia. Chukua kitambulisho chake. Wakiuliza, sema wewe ni Soipan. Mnafanana."

Nailantei alikipokea kitambulisho. Ledama ndiye aliyemlea. Angemnyimaje?

Kaka alipoondoka, alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Ndanu, anayefundisha darasa la watu wazima, akamweleza yote.

"Ni kusaidia familia tu, si ndiyo, mwalimu?"

"Hapana, mama. Kujifanya mtu mwingine ili kulaghai ni kosa la jinai. Hata kama mtu huyo ni wifi yako. Hata kama alishakufa. Mnaweza kushtakiwa wewe na Ledama, wote wawili."

"Na kama sipati hata shilingi?"

"Hata hivyo. Soipan atapoteza shamba kwa mdomo wako."

Nailantei aliona aibu. Shamba lile ndilo linalolisha watoto wanne wa Soipan.

Jioni alimrudishia Ledama kitambulisho. "Kaka, hili jina si langu. Mwambie mwenyewe, ama nitamwambia mimi."

Ledama alifura. Aliposikia habari ya kushtakiwa, akapoa, na usiku huo akamwambia Soipan. Kesho yake walikwenda wote watatu.

"Mke ni nani?" mwenyekiti wa bodi aliuliza.

"Ni mimi, Soipan. Sikubali kuuza."

Mwenyekiti akafunga faili. Shamba likabaki. Ledama akatazama viatu vyake.

Wakitoka, karani wa mlangoni alimsogezea Nailantei daftari la wageni na wino. "Weka kidole hapa, mama."

"Nipe kalamu," Nailantei alisema.

Akaanza kuandika, polepole, ulimi nje. N. A. I. Foleni ikaanza kuguna.

Ledama akageuka, akawakazia macho. "Ngojeni," akasema. "Dada yangu anaandika jina lake."